Bukavu: Mnara unaonekana, lakini rezo haiingii nyumbani

Wakaaji wa Bukavu wamezoea jambo hili: mnara wa simu unaonekana pale kilimani, lakini ndani ya nyumba rezo inapotea. Mtu anatoka mlangoni, anasogea kidogo, na simu inalia. Wengi wanalaumu simu, na wenye uwezo wananunua ingine. Mara nyingi simu haina kosa.

Wimbi la redio, liwe la FM au la simu, linapogonga kitu linafanya mambo matatu: sehemu inapita, sehemu inarudi nyuma, sehemu inamezwa. Mbao zinapitisha sehemu kubwa. Ukuta wa beto wenye vyuma ndani unameza na kurudisha mengi. Bati halipitishi kitu. Ndiyo maana katika nyumba ya beto yenye paa la mabati, wimbi linapita hasa kwenye madirisha na mlango. Goma, kwenye nyumba nyingi za mbao na ardhi tambarare, shida hiyo ina sura nyingine.

Kadutu ni kazi ngumu zaidi. Nyumba zimebanana kwenye mteremko, mabati yanatazamana, na wimbi moja linafika kwa njia nyingi: moja kwa moja, kutoka paa la jirani, kutoka ukuta wa ngambo. Yakifika kwa pamoja yanaongezeana nguvu. Lakini kilele cha moja kikikutana na bonde la lingine, yanauana. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, kwa hiyo kusogea sentimita 10 au 20 kunaweza kutosha kutoka mahali pabaya. Lile la FM lina urefu wa karibu mita 3; kwa redio, inafaa kupiga hatua nzima.

Halafu kuna milima. Anayekaa nyuma ya kilima yuko kivulini, hata kama mnara hauko mbali. Wimbi refu linajipinda vizuri kuliko fupi, na hivi redio inaweza kusikika pale ambapo intaneti ya simu imekufa.

Wahandisi wanatumia hesabu kukadiria rezo mjini. Moja inayojulikana sana ilitokana na vipimo ambavyo Okumura na wenzake walifanya Tokyo na kutangaza mwaka 1968. Hata aliviweka katika kanuni mwaka 1980. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa ardhi isiyo na milima mikubwa. Kwa Bukavu, kupima kwa miguu, avenue kwa avenue, hakuwezi kuepukwa.

Jambo hili si la starehe tu. Moto ukiwaka Kadutu usiku, simu ndiyo inayoita msaada. Pesa ya chakula pia inapita humo. Rezo ikiwa dhaifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale simu ya sauti inapokatika, kwa sababu mtambo unaujaribu tena. Na simu ikae karibu na dirisha linalotazama mnara, mbali na bati.