Fedha ya pamba huja mara moja, lengo la kijana ni la mwaka mzima

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KILA mwaka ifikapo Mei, mizani inapofunguliwa katika vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kuanzia Dutwa hadi Mwandoya, kijana wa Simiyu huwa na mipango mingi kichwani. Mmoja anataka kuezeka nyumba kwa bati. Mwingine anataka cherehani. Mwingine anataka kurudia mtihani wa kidato cha nne aliofeli miaka miwili iliyopita.

Ifikapo Novemba mvua zinaanza, na wengi wao wanahangaika kutafuta fedha za kukodi jembe la ng'ombe. Mpango wa Mei haupo tena, na fedha iliyokusudiwa kuutimiza haijulikani ilikokwenda.

Wazee husema vijana wa siku hizi hawana ari. Ni kauli rahisi, lakini haielezi ilikuwaje kijana huyo huyo akaamka alfajiri mwezi baada ya mwezi kupanda, kupunguzia miche, kupalilia, kupuliza dawa na kuchuma. Asiye na ari hawezi kulima pamba. Ukichunguza utaona tatizo liko kwenye kalenda: jasho hutoka kidogo kidogo kwa miezi mingi, fedha huja kwa siku moja, na baada ya hapo hakuna kinachomdai kijana chochote hadi mvua zirudi.

Miezi minne ya hatari

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012, na ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kwa hiyo ratiba ya zao hili ndiyo ratiba ya maisha ya familia nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, palizi na upuliziaji huchukua miezi ya mvua, na ununuzi hufunguliwa Mei. Baada ya kuvuna, mkulima hutakiwa kung'oa na kuteketeza masalia ya pamba kabla ya Septemba 15, ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao.

Kuanzia Julai hadi Oktoba, mfuko una fedha na mikono haina kazi nyingi. Ndiyo miezi ya ngoma, harusi na minada. Hakuna ubaya kucheza ngoma baada ya kuvuna. Ni desturi ya Wasukuma tangu enzi za mababu, na mtu aliyefanya kazi anastahili kufurahi. Ubaya ni kuingia katika miezi hiyo bila kujua shilingi ipi ni ya ngoma na ipi ni ya cherehani. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Mara nyingi fedha ya pamba haimaliziki kwa kununua kitu kimoja kikubwa. Inakwisha kwa soda, vocha, nauli na mikopo ya marafiki.

Somo la pikipiki ya mkataba

Mtazame kijana mwenzake aliye kwenye kijiwe cha bodaboda pale Bariadi mjini. Mara nyingi pikipiki anayoendesha si yake. Ameipata kwa mkataba: kila siku au kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na akimaliza kiasi walichokubaliana chombo kinakuwa chake.

Kijana huyu naye ana siku za uchovu na siku ambazo abiria hawaonekani. Lakini anaamka, kwa sababu hesabu inamsubiri. Hasubiri kwanza ajisikie kufanya kazi. Mkataba umemwekea tarehe, kiasi na mtu wa kumuuliza.

Lengo la mkulima kijana kwa kawaida halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. "Nataka kujenga" halina tarehe, halina kiasi, na hakuna atakayeuliza Ijumaa jioni limefikia wapi. Lengo la namna hiyo linategemea ari peke yake, na ari ya binadamu yeyote hupanda na kushuka. Anayetaka kufika hana budi kujiandikia mkataba wake mwenyewe na kujipelekea hesabu.

Hesabu ya ekari tatu

Tuchukue mfano wa kijana anayelima ekari tatu za pamba na kupata kilo 300 kwa ekari. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme kila kilo inauzwa Sh1,000, ingawa bei halisi hubadilika kila msimu. Atapata Sh900,000.

Kabla fedha haijatoka kwenye simu au benki, aigawe mafungu manne kwenye daftari. Sh300,000 ni za msimu ujao: kulima, mbegu, dawa na palizi. Sh300,000 ni za chakula na mahitaji ya nyumbani. Sh200,000 ni za lengo. Sh100,000 zinazobaki ni za dharura na furaha, na fungu hilo likiisha, ngoma imekwisha.

Kama lengo lake linahitaji Sh600,000, kwa njia hii atalifikia kwa misimu mitatu. Kijana wa miaka 22 akisikia misimu mitatu anaona mbali, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini akiongeza Sh5,000 kila wiki kwa wiki 40 kutokana na kibarua au biashara ndogo, anapata Sh200,000 nyingine kwa mwaka. Lengo la misimu mitatu linatimia ndani ya mwaka wa pili.

Njia nyingine ni kuongeza mavuno bila kuongeza shamba. Nafasi ya zamani ya sentimita 90 kwa 40 inatoa mashimo kama 11,000 kwa ekari. Nafasi ya sentimita 60 kwa 30, ambayo wakulima wamekuwa wakihimizwa kuitumia miaka ya karibuni, inatoa mashimo kama 22,000. Inahitaji kamba yenye alama, uvumilivu wakati wa kupanda na nguvu zaidi wakati wa palizi. Lakini kijana wa mfano wetu akitoka kilo 300 hadi 400 kwa ekari, anapata kilo 300 zaidi katika ekari zake tatu, yaani Sh300,000. Kiasi hicho kinazidi fungu lote la lengo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Sh1,000 ni chombo cha kilimo kama jembe lilivyo.

Mlango mmoja hautoshi

Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawajasahau msimu wa 2019. Bei ya pamba ilishuka katika soko la dunia, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo ya pamba waliyokwisha kuikabidhi. Kijana aliyekuwa ameweka mipango yake yote kwenye malipo hayo alibaki mikono mitupu bila kosa lake.

Fundisho lake ni kwamba lengo lisisimame kwenye mguu mmoja. Bahati nzuri, ardhi ya Simiyu inatoa miguu mingine. Choroko hukomaa mapema. Dengu hustawi kwenye udongo mweusi wa mbugani kwa unyevu unaobaki mvua zinapokwisha, na huvunwa wakati shamba jingine limepumzika. Alizeti na mpunga navyo vina soko. Viazi vitamu vikikatwa na kuanikwa vibichi vinakuwa michembe, na vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vinakuwa matobolwa. Vyote viwili hukaa muda mrefu, na vinaweza kuuzwa mnadani wiki baada ya wiki.

Faida ya mazao haya si fedha tu. Yanamwingizia kijana kitu kidogo katikati ya miezi minne ya hatari, na kuona daftari likisonga mbele, hata kwa Sh3,000, kunamtia moyo kuliko hotuba yoyote.

Kuna tahadhari moja. Njaa ya Februari humlazimisha mtu kuuza mazao yakiwa bado shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Anayefanya hivyo ameuza na lengo lake pamoja na mazao. Ndiyo maana chakula kimepewa fungu lake katika hesabu yetu, na mahindi au mtama wa nyumbani usiuzwe wote.

Kikundi ndicho kinachouliza

Mtu wa pili anahitajika, yule atakayeuliza hesabu. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea vijijini, vingi vikiwa na sanduku la kufuli tatu na funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu tofauti. Watu husifu mikopo ya vikundi hivi, lakini kwa kijana thamani kubwa zaidi ni kikao cha kila wiki. Usipoleta hisa zako, jina lako linasomwa mbele ya wenzako.

Kikundi cha wakulima wa pamba kinafaa kujiuliza kinavunja sanduku lini. Vikundi vingi hugawana Desemba, karibu na sikukuu, fedha ikaishia kwenye nguo na pilau. Kikigawana mwanzoni mwa Novemba, fedha inafika wakati wa kulima na kupanda.

Aidha, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenye daftari safi kina la kuonyesha kwa ofisa maendeleo ya jamii. Kile kilichoundwa wiki moja kabla ya kuomba mkopo mara nyingi husambaratika wiki moja baada ya kuupata.

Walioanza na hatua ndogo

Ukanda huu una mfano wa kujivunia. Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakilalamika kupunjwa kwenye mizani. Bomani na wenzake hawakuanza kwa kutangaza chama kikubwa. Kwanza waliwekwa watu wa kuhakiki uzito, kisha vikaja vyama vya msingi kijiji kwa kijiji. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Bomani akiwa kiongozi wake mkuu akiwa na miaka 30 tu. Likaja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, na mwaka 1962 Bomani akawa waziri wa fedha.

Karibu zaidi na sasa ni vijana wa Maswa, ambao katikati ya miaka ya 2010 walianza kutengeneza chaki kwa msaada wa halmashauri yao. Walichagua bidhaa ambayo mteja wake anajulikana: kila shule ina ubao, na kila ubao unahitaji chaki. Kijana anayefikiria biashara ajiulize kwanza swali hilo la chaki. Nani atanunua, na atanunua mara ngapi kwa mwezi?

Mahari, shamba la baba na dada zetu

Haitakuwa haki kuzungumzia malengo ya kijana kana kwamba anaishi peke yake. Wengi hulima shamba la baba, na fedha ya pamba ni ya mji mzima. Kijana wa kiume anasubiriwa atoe mahari. Wa kike hupalilia na kuchuma, lakini fedha ikija hushikwa na mwingine.

Katika haya, ugomvi haujengi. Kijana mwenye busara hukaa na mzee wake kabla ya kupanda, si baada ya kuuza, na kuomba hata nusu ekari ihesabiwe kuwa yake. Ni rahisi kwa baba kukubali ombi la Oktoba kuliko dai la Julai. Binti naye aanze na zao ambalo mauzo yake yako mikononi mwake, kama viazi, karanga au choroko, na akiba yake aiweke kwenye kikundi. Ajue pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi.

Wazazi nao wakumbuke kwamba mtoto asiyeona hata sehemu ndogo ya jasho lake, siku moja atapanda basi la Mwanza na hatarudi kwa ajili ya palizi.

Anza wiki hii

Ndugu msomaji, usisubiri Mei wala Januari mosi. Wiki hii andika lengo moja tu, kiasi chake na mwezi wa kulifikia. Andika hatua ya kwanza unayoweza kuimaliza ndani ya siku saba, hata kama ni kuulizia bei. Kisha mwambie mtu mmoja unayemheshimu, umwombe akuulize kila Jumamosi.

Kutakuwa na wiki utakazoshindwa. Mwenye pikipiki ya mkataba akikosa hesabu ya siku moja hatupi ufunguo. Kesho yake anatafuta abiria zaidi. Mkulima akiona mbegu hazikuota kwenye baadhi ya mashimo, harudi nyumbani kulala. Anachukua mbegu nyingine na kurudishia. Fanya hivyo hivyo na lengo lako.