Uzito wa Vineno: Kauli ya Kutendwa, Kihusishi na Kionyeshi katika Ujumbe wa Miamala ya Simu

Ikisiri

Utafiti mwingi kuhusu Kiswahili na teknolojia umeshughulikia istilahi, yaani nomino mpya na namna zinavyoundwa au kukopwa. Makala haya yanaelekeza macho kwingine: kwenye kauli ya kutendwa, kihusishi na kionyeshi katika ujumbe mfupi wa kutuma na kupokea pesa kwa simu. Yanadai kwamba katika vipashio hivyo vidogo ndimo yalimotokea mabadiliko makubwa zaidi ya mawasiliano, na kwamba utapeli unaofanywa kwa ujumbe huo hutegemea sarufi kuliko uongo.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa Kiswahili na teknolojia umejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya nomino. Wanafunzi hufundishwa kulinganisha tarakilishi na kompyuta, rununu na simu ya mkononi, kisha huulizwa ni lipi sanifu na lipi limekubalika upande upi wa mpaka. Mjadala huo una haki yake, hasa pale mtahiniwa wa Nairobi na mfasiri wa Dar es Salaam wanapotumia istilahi tofauti kwa kifaa kimoja. Hata hivyo, nomino ni sehemu ya lugha inayokopeka na kuhama kwa urahisi mno, na mara nyingi huhama bila kutikisa chochote. Neno simu lenyewe ni ushahidi. Asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni waya. Lilifaa sana katika zama za telegrafu, kebo ya baharini ilipofikishwa Zanzibar mwaka 1879. Likahamia kwenye chombo cha kupeleka sauti. Na leo linataja kifaa kisicho na waya hata kidogo. Hakuna mzungumzaji aliyeshtuka. Simu ilibaki katika ngeli ileile na ikaendelea "kupigwa" kama zinavyopigwa picha, pasi na kura.

Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, nomino zake zilipatikana bila taabu: wakala, salio, muamala, namba ya siri. Zote zilikuwa na kazi katika lugha kabla ya simu. Jambo jipya lilikuwa aina ya matini: sentensi fupi iliyoandikwa na mtambo, isomwayo na mkulima, mchuuzi na mhadhiri kwa pamoja, na ambayo kusomwa kwake vibaya humgharimu msomaji pesa. Ni vigumu kutaja kitabu cha sarufi kilichosomwa na watu wengi kiasi hicho.

2.0 "Imethibitishwa"

Ujumbe wa M-Pesa nchini Tanzania umezoeleka kwa kitenzi kimoja:

(1) Imethibitishwa.

Kiingereza, ambacho ndicho kinachotumika katika ujumbe wa kawaida wa huduma hiyo nchini Kenya, huweza kutaja tendo hilo kwa neno moja lisilo na kiima wala kipatanishi. Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Kitenzi katika hali timilifu ni lazima kipatane na kitu, kwa hiyo mwandishi wa ujumbe alilazimika kuchagua ngeli. Kama kilichothibitishwa ni muamala, ilipasa kuwa umethibitishwa; kama ni malipo, yamethibitishwa. Kiambishi i- kinaweza kurejelea pesa, au kikawa kile cha jumla kisicho na kiima mahususi, kama katika imebidi na imedhihirika. Maelezo ya pili yana nguvu zaidi, kwa sababu umbo hilo halimsumbui msomaji hata pale ambapo nomino pesa haijatajwa mahali popote.

Umbo hilo pia halina mtenda. Nani amethibitisha? Ujumbe hausemi, na hakuna anayeuliza. Kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda ni ya kale katika matangazo ya serikali na mahakama, na mamlaka yake imehamia sasa kwenye kiganja cha mtu. Mwenye duka akiliona neno hilo huachia mzigo. Kwa sababu hiyo ujumbe bandia wa malipo nao huanza nalo.

3.0 Na au kwa

Kampuni mbili zenye huduma yenye jina moja zimeitangaza njia ya kulipia bidhaa kwa tofauti ya neno moja tu:

(2) a. Lipa na M-Pesa (Kenya)
    b. Lipa kwa M-Pesa (Tanzania)

Katika sarufi zilizojikita kwenye Kiunguja, kwa hutambulisha ala, kama katika kukata kwa kisu, ilhali na hutambulisha mwandamani, au mtenda katika kauli ya kutendwa. Kwa mizani hiyo, (2a) ni kosa, na wapo wanaoliita tafsiri ya sisisi ya Kiingereza. Hukumu hiyo ina haraka. Kigĩkũyũ hutumia na kwa ala, na matumizi ya namna hiyo yanasikika pia katika Kiswahili cha Lubumbashi, mbali kabisa na athari ya Kiingereza. Huenda Kiingereza kimeitia nguvu tabia iliyokwishakuwapo bara, hakikuizaa. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba umbo lililokuwa la mazungumzo limebandikwa kwenye kuta za maduka nchi nzima, na mwalimu anayelikosoa darasani ana mpinzani mlangoni mwa kila kioski.

4.0 "Ile pesa"

Mfano ulio mzito kuliko yote haukutungwa na kampuni. Unajulikana na karibu kila mwenye simu nchini Tanzania, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu:

(3) Ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja [fulani].

Hakuna salamu wala jina la mtumaji, na namba ni ngeni. Kwa desturi ya Waswahili hilo peke yake lingetosha kuzusha shaka: barua ilifunguliwa kwa salamu ndefu, na mazungumzo bila shikamoo au habari ni utovu wa adabu. Lakini ujumbe mfupi ulikuwa na kikomo cha herufi 160 na ulilipiwa mmoja mmoja. Watu walijifunza kuanza na shida yenyewe, na ujumbe mkavu ukawa wa kawaida, hata baina ya mtoto na mzazi. Tapeli amerithi ukavu huo.

Kiini kimo katika kionyeshi. Kiswahili kina namna tatu za kuonyesha: hii kwa kilicho karibu, ile kwa kilicho mbali, na hiyo, ambayo Ashton (1944) anaieleza kwa o- rejeshi, kwa kitu kilichokwishatajwa. Kama ujumbe ungeanza na hiyo pesa, mpokeaji angeuliza: ipi? Kionyeshi hicho hudai kitangulizi katika mazungumzo, na mazungumzo hayapo. Ile ina mlango mwingine. Umbali wake si lazima uwe wa mahali. Unaweza kuwa wa wakati na kumbukumbu, na kinachorejelewa huhesabiwa kuwa kinajulikana na pande zote mbili. Mpangilio wa maneno huongeza nguvu. Pesa ile kwa kawaida hutenga pesa moja na nyingine. Ile pesa, kionyeshi kikitangulia, huichukulia kuwa imekwisha kutengwa. Kiambishi i- cha yambwa katika itume kinaufunga mlango huo kwa nyuma.

Mpokeaji asiyedaiwa na mtu hukuta kumbukumbu tupu, akaufuta ujumbe. Lakini katika jamii ambamo ada, kodi ya nyumba, michango ya harusi na ya misiba hupita kwenye simu, wanaodaiwa ni wengi. Mtu aliyeahidi asubuhi kumtumia fundi pesa ya mbao hulikuta neno ile, na akili yake inalijaza mwenyewe. Tapeli hakumtaja fundi. Aliyemtaja ni msomaji. Sehemu ya mwisho, jina litakuja, inawahi shaka iliyobaki. Mfumo huonyesha jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilishwa (nchini Kenya huduma hiyo iliitwa kwa kitenzi cha amri, Hakikisha), na jina geni lingemzindua mtumaji. Akishaelezwa mapema kwamba jina hilo litakuja, ugeni wake hugeuka kuwa uthibitisho.

Hapa ndipo isimu inapokuwa na kazi nje ya darasa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, kwa hiyo ujumbe kama (3) husomwa na kupimwa katika lugha ulimoandikwa. Mtu akiutafuta uongo ndani yake hatauona. Itume ni amri, na amri haiwi kweli wala uongo. Kauli pekee inayoarifu jambo ni jina litakuja, nayo ni kweli: jina huja. Udanganyifu wote umo katika kinachodokezwa na ile, yaani kwamba ipo pesa wanayoijua wawili hawa. Mtaalamu wa lugha anayeitwa kueleza matini hiyo akiishia kwenye maana ya kila neno, atakuwa amemsaidia mshtakiwa.

Onyo lililozoeleka, kwamba mteja asimpe mtu yeyote namba yake ya siri, halifiki hapo pia, kwa kuwa ujumbe huu hauiombi. Wazungumzaji wenyewe wamekwenda mbele zaidi. Tuma kwa namba hii imekwisha kuwa nomino, kama katika "matapeli wa tuma kwa namba hii". Nao wenye haja ya kweli ya kubadili namba hawana tena raha na ile pesa: huandika "laki mbili ya mbao za paa", hutaja jina lao, kisha hupiga simu ili sauti isikike.