Farumi na Deheni: Udhibiti wa Viumbe Vamizi Bandarini

Neno farumi lina maana ya uzito uwekwao chini ya chombo ili kisiyumbe kinaposafiri bila shehena. Zama za majahazi uzito huo ulikuwa mawe au mchanga. Meli za chuma zilipoenea, farumi ikawa maji yanayovutwa katika bandari moja na kumwagwa katika nyingine, pamoja na viluwiluwi vya kome na kaa waliomo. Istilahi maji ya farumi basi inajitosheleza. Hapana haja ya kukopa nyingine.

Madhara yake yalidhihirika katika Bahari Nyeusi. Mnamo miaka ya 1980 aliingia humo Mnemiopsis leidyi, kiumbe afananaye na konyeza, mwenyeji wa pwani za Amerika upande wa Atlantiki. Alikula mayai ya samaki pamoja na chakula chao, na uvuvi wa dagaa ukaanguka, ingawa uvuvi wa kupita kiasi nao ulichangia. Aliyempunguza ni mgeni mwingine, Beroe ovata, aliyeonekana humo mwaka 1997. Bahati ya namna hiyo haiwezi kuitwa udhibiti.

Mkataba wa kimataifa kuhusu maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Kiwango chake cha usafishaji ni kwamba maji yamwagwayo yawe na viumbe hai wasiofika 10 katika kila mita ya ujazo, kwa wale wenye ukubwa wa mikroni 50 au zaidi.

Hata hivyo, meli ishushayo shehena nyingi na kuondoka nyepesi huvuta maji, haimwagi. Kwa bandari zipokeazo bidhaa kuliko zinavyosafirisha, kama Mombasa, hatari iliyo kubwa zaidi huenda ikawa viumbe wagandao kwenye ubavu wa meli chini ya maji. Mkataba huo hauwagusi. Mwongozo wa mwaka 2011 unaowahusu, uliorekebishwa 2023, ni wa hiari. Na rangi zenye misombo ya bati, zilizowaua vizuri, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa 2001 kwa kuwa ziliwadhuru chaza na konokono wa bahari.

Mabaharia wa Pwani walilifahamu tatizo hili kitambo: jahazi lilipwelezwa, likakwanguliwa, kisha likapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Meli ya leo hukwanguliwa gudini, au na wapigambizi ikiwa ingali inaelea. Katika hali hii ya pili, makwangulio yasipokusanywa huzama papo hapo bandarini, yakiwa na mayai yaliyo hai.