"Chanjo" ya Mbegu: Istilahi Inayopotosha

Katika kufasiri maelezo ya kilimo cha kunde na soya, mfasiri hushawishika kuita "chanjo" kitendo cha kuzipaka mbegu bakteria kabla ya kupanda. Sisi tunaona kwamba istilahi hiyo haifai. Chanjo, kwa maana iliyozoeleka, ni kinga dhidi ya ugonjwa; ilhali kazi ya bakteria hawa, waitwao rizobia, ni kulisha. Huingia mizizini, hufanya vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Hivyo, majira yanapogeuka na mvua kubwa ikachukua mbolea ya dukani, mmea hubaki na chanzo chake wenyewe.

Neno likikosewa, shamba huumia. Mkulima anayedhani kuwa ana dawa mkononi aweza kuichanganya na dawa ya kuvu au kuiacha juani. Kumbe ameshika viumbe hai, vinavyoweza kufa kwa kutendewa hivyo.

Kwa hiyo tunapendekeza "upakaji bakteria" kwa kitendo, na "kinundu" kwa uvimbe wa mzizini. Mwalimu naye aongeze kipimo hiki: kinundu kikikatwa kikaonekana chekundu ndani, bakteria wamo kazini.