Mitambo ya Shambani, Sehemu ya Tatu: Pampu Inapogoma Baada ya Masika

Juni ikiingia na mvua ya masika ikakatika, kingo za Rupingazi, Ena, Thuci na Kathita huanza kunguruma. Pampu za petroli hutolewa stoo, zikapakiwa kwenye pikipiki au mkokoteni hadi mtoni, na mipira ikatandazwa kupanda mlima. Kule Mbeere, pande za Kiritiri na Siakago, mkulima wa muguka anajua kwamba jua likishika bei hupanda, na mwenye maji ndiye mwenye majani ya kuuza. Timau ni viazi, karoti na kabeji. Kwenye mabonde ya Embu ni nyanya na mishiri.

Siku hizo hizo za kwanza za kiangazi husikika pia sauti ya kamba inayovutwa, inarudi, inavutwa tena, na injini haijibu.

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza namna ya kuchagua pampu na namna ya kuitunza inapofanya kazi. Sehemu hii inahusu pampu iliyozimwa Machi ikiwa nzima, ikafunikwa gunia, isiguswe na mtu, kisha ikakataa kuwaka Juni. Mwenye pampu hushuku injini. Wengine huibeba moja kwa moja hadi kwa fundi, na wakirudi nyumbani wameshauziwa plagi, koili na hata kabureta mpya. Mara nyingi hakuna kipuri kilichokufa. Kilichoharibika ni petroli iliyoachwa ndani.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyogeuka mvuke upesi na kushika moto injini ikiwa bado baridi, na hivyo hivyo ndivyo vinavyotoroka kwanza petroli inapokaa. Vinavyobaki huungana polepole na oksijeni ya hewani. Rangi hubadilika, harufu huwa chachu kama ya vanishi kuukuu, na mwishowe hubaki utando unaonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Miongozo ya injini za Honda huonya kwamba hali zikiwa mbaya, petroli inaweza kuharibika ndani ya siku 30. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Juni ni zaidi ya siku 70.

Ulimbo huo huponza zaidi kabureta. Kikombe cha chini cha kabureta hubeba petroli kidogo tu, ambayo huharibika kabla ya ile ya tangini. Juu yake kuna jeti, vijitundu vinavyopimia injini petroli. Tundu la jeti ya mwendo wa polepole huwa chini ya nusu milimita, kwa hiyo chembe ndogo ya utando inatosha kuliziba.

Maradhi haya hayakuletwa na tope la Meru wala unyevu wa Embu. Mwaka 1959 kampuni ya Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, mkoani Quebec nchini Kanada, ilianza kuuza Ski-Doo, pikipiki ya kutelezea thelujini. Mitambo ya namna hiyo hupumzishwa wakati wa joto na kutolewa theluji inapoanguka, na malalamiko ya wenyewe kila mwanzo wa msimu ni yale yale ya mkulima wa Runyenjes: ilizimwa ikiwa nzima, sasa haiwaki. Ng'ambo huko tatizo huongezwa na ethanoli, ambayo huchanganywa hadi asilimia 10 katika petroli nyingi ya Marekani na ambayo hunyonya unyevu. Hata hivyo chanzo ni kimoja, nacho ni kukaa.

Uchunguzi basi uende kwa mpangilio, ukianza na mambo yasiyogharimu hata shilingi.

Kamba isivutwe kwanza. Pampu iwekwe mahali tambarare, halafu mambo matatu yakaguliwe: swichi ya kuzimia iwe imewashwa, koki ya petroli iwe wazi, na oili iwe imefika shingoni mwa tundu la kujazia. Injini ya Honda GX160, ambayo imeigwa na viwanda vingi vya Uchina, hubeba karibu lita 0.6 za oili. Nyingi za aina hiyo zina kihisio kinachokata cheche oili ikipungua. Kihisio hicho hakijui kutofautisha upungufu na mteremko. Pampu ikiinamishwa kwenye ukingo wa mto, oili hukimbilia upande mmoja, kihisio hudhani imekwisha, na injini hunyimwa moto. Katika nchi ya miteremko kama Meru na Embu, kuna pampu zilizopelekwa kwa fundi ambazo zingewaka kwa kuwekewa jiwe chini ya mguu mmoja.

Oili ikipimwa inusiwe pia. Ikiwa imezidi kipimo na inanuka petroli, sindano ya kabureta ilikuwa ikivuja na petroli imeingia chini ya pistoni. Oili hiyo imwagwe yote na injini isiwashwe nayo, kwa maana imepoteza uzito wa kulainisha.

Hatua ya pili ni petroli yenyewe. Fundi mzoefu akiletewa pampu huanza na swali: "Mzee, mafuta haya ni ya lini?" Jibu likiwa ni ya kabla ya mvua, huyamwaga yote kabla ya kushika spana nyingine. Chini ya kikombe cha kabureta kuna bolti ndogo ya kumwagia. Ifunguliwe juu ya chupa ya kioo, mahali penye hewa na mbali na moto. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwemo hutuama chini na mstari wa utengano huonekana. Maji hayo si lazima yawe ya mvua iliyovuja. Tangi lililoachwa nusu hubaki na hewa ndani, na unyevu wa hewa hiyo huganda kuwa matone usiku unapokuwa baridi.

Petroli mpya nayo ichunguzwe. Vijiji vingi viko mbali na kituo cha mafuta, na petroli hununuliwa kwa chupa kando ya barabara. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa nafuu kuliko petroli, na wafanyabiashara wengine walikuwa wakiyachanganya. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Tozo ilipunguza kishawishi, lakini kujihakikishia hakugharimu kitu. Tone moja la petroli safi likiwekwa kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha doa. Lenye mafuta taa huacha alama ya mafuta. Mafuta taa hayageuki mvuke kwa urahisi, na injini baridi haiwezi kuyawasha.

Petroli mpya ikishatiwa, choki ifungwe na kamba ivutwe mara chache. Injini ikiguruma kidogo kisha ikafa, au ikiwaka tu choki ikiwa imefungwa, jeti imeziba. Kikombe kifunguliwe, jeti zitolewe, zisafishwe kwa petroli safi au dawa ya kabureta, kisha zipulizwe kwa hewa ya pampu ya baiskeli. Kuchokoa tundu kwa waya ni kosa la kawaida. Shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuliwa hata kidogo injini itakunywa petroli kupita kiasi maisha yake yote. Boya nalo litikiswe sikioni: likisikika maji maji ndani, limetoboka. Sindano iliyo juu yake isogezwe kwa kidole kuona kama imenata.

Kabureta ikiwa safi na injini bado kimya, zamu ni ya plagi. Ikitoka imelowa petroli, injini imefurika kwa kuvutwa mno. Plagi ikaushwe, choki ifunguliwe, na kamba ivutwe mara kadhaa tundu la plagi likiwa wazi ili petroli ya ziada itoke. Ikitoka kavu kabisa, petroli haifiki, na kazi hurudi kwenye kabureta au kichujio cha tangi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, injini imekuwa ikipata petroli nyingi kuliko hewa, jambo ambalo hutokea zaidi sehemu za juu. Hewa ya mlimani ni nyembamba, na kwa hesabu ya Honda injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Timau, iliyo juu ya mita 2,000, pampu imeshapoteza zaidi ya moja kwa tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi.

Nafasi kati ya ncha za plagi ya GX160 iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Cheche hupimwa kwa kuirudisha plagi kwenye kofia yake, kugusisha chuma chake na mwili wa injini, na kuvuta kamba. Hilo lifanywe baada ya tangi kufungwa na petroli iliyomwagika kukauka, na plagi iwekwe mbali na tundu la silinda, kwa sababu mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche hiyo. Cheche ya buluu inayopasuka kwa sauti ni nzima. Ikikosekana kwa plagi mpya, waya wa swichi na ule wa kihisio cha oili uchunguzwe kabla ya kuilaumu koili. Sumaku za gurudumu hushika kutu stoo ikiwa na unyevu, na msasa laini huwa dawa ya kutosha.

Kuna wageni ambao hawamo katika mwongozo wowote. Stoo ya pampu ndiyo stoo ya mahindi na maharagwe, na panya aliyeshiba mahindi hutafuta mahali pa kuzalia. Sifongo ya kichujio cha hewa humfaa kwa tandiko, na waya za cheche humfaa kwa kunoa meno. Nyigu wajengao kwa udongo nao hupenda bomba la moshi. Injini iliyozibwa puani au mkiani haiwaki hata ikiwa na petroli bora na cheche kali, na kuzifungua sehemu hizo mbili ni kazi ya dakika chache.

Yote hayo yakishindikana, kidole gumba kizibe tundu la plagi huku kamba ikivutwa. Kikisukumwa kwa nguvu, mgandamizo upo. Kisiposukumwa, pengine valvu imekwama kwa kutu, na sasa pampu ibebwe kwa fundi. Atakayeifikisha akiwa na orodha ya aliyoyakagua hatauziwa koili asiyoihitaji.

Kugoma huku kunaweza kuzuiwa siku ya kuhifadhi. Machi na Oktoba, kabla ya masika na kabla ya vuli, koki ya petroli ifungwe na injini iachwe iungurume hadi izime yenyewe, ili kikombe kibaki kitupu. Mabaki yamwagwe kwa bolti, na petroli ya tangini itiwe kwenye pikipiki itumike. Oili ibadilishwe. Kijiko kimoja cha oili safi kitiwe katika tundu la plagi, kamba ivutwe taratibu ili isambae silindani, plagi irudishwe, kisha kamba ivutwe hadi inapokuwa nzito na kuachiwa hapo. Valvu zote mbili huwa zimefungwa, na unyevu hauna mlango. Bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa chenye rangi kali, kitakachoonekana siku ya kuwasha.

Sehemu ya nne itashughulikia pampu inayowaka vizuri lakini haivuti maji, tatizo ambalo nalo linahusu wembamba wa hewa ya mlimani. Mwenye pampu ajiandae kwa kupima urefu wa wima, si wa mpira, kutoka uso wa mto hadi mdomo wa pampu yake. Ukizidi mita sita, makala hayo yatamhusu.