Kabla Hatujasema Ni Wao

Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, Uganda ilijenga vituo viwili vya mawasiliano ya setilaiti: kimoja Mpoma, wilayani Mukono, mashariki mwa Kampala, na kingine Ombaci, karibu na Arua. Simu za kwenda ng'ambo zilipita huko. Mwaka 2009 nyaya za fiba za chini ya bahari zikafika Mombasa, mzigo ukahamia ardhini, na madishi makubwa ya aina hiyo kote Afrika yakaanza kukosa kazi.

Naanza na Mpoma kwa sababu ya swali ambalo watu wakishajua kazi yangu ni redio hawakosi kuniuliza: je, na sisi hapa Kampala tunaweza kuwatafuta viumbe wenye akili walioko kwenye sayari za mbali? Tunaweza. Ila wengi wanadhani ugumu uko kwenye kupata dishi, ilhali madishi kama ya Mpoma yapo. Kupokea mawimbi kutoka angani ni rahisi kuliko unavyofikiri. Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba ulichokipokea hakikutoka kwa jirani yako.

Utafutaji huu una umri wa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1959 wanafizikia wawili, Giuseppe Cocconi na Philip Morrison, waliandika katika jarida la Nature kwamba mtu anayetaka kusikika kutoka nyota nyingine angetumia mawimbi ya redio, na kwamba mahali pa kuanzia kusikiliza ni megahezi 1420. Hayo ndiyo masafa ya haidrojeni, gesi iliyojaa kuliko zote ulimwenguni, na urefu wa wimbi lake ni sentimita 21. Hoja yao ilikuwa kwamba kila mwenye akili, awe wapi, ataijua haidrojeni. Mwaka uliofuata Frank Drake alielekeza dishi la mita 26 la Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Hakusikia kitu, lakini njia ilikuwa imefunguka.

Sasa, utaitambuaje ishara iliyotengenezwa na mtu, au na kiumbe anayejua ufundi? Kwa wembamba wake. Gesi na nyota hutoa mawimbi yaliyosambaa kwenye masafa mapana, mamia ya hezi na zaidi. Hakuna kitu cha asili tunachokijua kinachobana nguvu zake zote ndani ya hezi moja au mbili. Transmita hufanya hivyo. Kwa hiyo kompyuta hugawanya masafa katika vipande vyembamba sana, mamilioni kwa mamilioni, ikitafuta mstari mmoja uliosimama peke yake.

Mstari huo utaupata, tena mingi. Karibu yote ni yetu. Hapo ndipo majaribio mawili yanapoingia. La kwanza ni la mzunguko wa dunia. Mtu aliyesimama Kampala anabebwa na dunia kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, kasi ambayo ni ya juu kabisa kwa sababu tuko kwenye ikweta. Ishara inayotoka nje ya dunia haiwezi kubaki kwenye masafa yaleyale tunapozunguka hivyo, labda mtumaji awe anairekebisha makusudi. Kwenye megahezi 1420, nyota inapopita utosini, masafa hutambaa kwa takriban hezi 0.16 kila sekunde. Mnara wa simu ulioko Naguru unazunguka pamoja nasi, kwa hiyo ishara yake haitambai. Jaribio la pili ni rahisi zaidi: elekeza dishi kwenye nyota kwa dakika tano, ligeuze pembeni dakika tano, lirudishe, na uendelee hivyo kwa nusu saa. Ishara ya kweli itakuja na kuondoka kila unapoelekeza na kugeuza. Ikibaki pale dishi linapotazama pembeni, imeingia kwa mlango wa nyuma.

Hata majaribio hayo hudanganyika. Mwezi Aprili na Mei 2019 dishi la Parkes, Australia, lilielekezwa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, umbali wa miaka 4.2 ya mwanga. Katika data zake ukaonekana mstari mwembamba kwenye megahezi 982, unaotambaa, unaotoweka dishi likigeuzwa. Ukapewa jina BLC1. Magazeti yakavuma. Watafiti waliporudi kuzichambua data wakakuta mistari mingine yenye sura ileile kwenye masafa mengine, imepangana kwa hesabu inayofanana na ile ya saa za ndani za vifaa vya kielektroniki. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba ni mwingiliano wa mitambo ya binadamu. Dishi hilohilo lilikuwa limewasumbua watu kwa miaka na milipuko ya ajabu ya redio, hadi mwaka 2015 ilipobainika kwamba chanzo ni oveni ya maikrowevu kituoni, pale mtu mwenye haraka ya chakula anapoufungua mlango kabla mashine haijazima. Binafsi naiona hadithi hii kuwa somo bora la astronomia ya redio kuliko sura nyingi za vitabu.

Ukipeleka hali hiyo Kampala, mambo yanakuwa mazito. Kololo pamejaa minara ya redio na televisheni. Kila abiria wa boda boda ana simu, na kila duka lina taa za LED zenye vifaa vya umeme vya bei nafuu vinavyotema kelele. Kumsikiliza mtu wa mbali hapa ni kama kutafuta mnong'ono katikati ya Old Taxi Park saa kumi na moja jioni.

Hata hivyo tuna kitu ambacho Ulaya na Marekani hawana, nacho ni anga. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na kwa muda wa mwaka mmoja karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita mbele yetu. Nyota mbili za Drake hupita juu sana. Proxima Centauri, ambayo London haionekani kabisa, hapa hupanda digrii 27 juu ya upeo wa macho. Kitovu cha galaksi yetu, kwenye msongamano mkubwa wa nyota, hufika digrii 60. Zile nyota tatu za mkanda wa Orioni hupita utosini kabisa.

Na hii si kazi ya wenye mishahara ya utafiti peke yao. Ishara mashuhuri kuliko zote ilionwa na mtu wa kujitolea. Jerry Ehman alikuwa akipitia karatasi za kompyuta za darubini ya Big Ear, Ohio, alipokuta rekodi ya tarehe 15 Agosti 1977: nguvu iliyopanda na kushuka kwa sekunde 72, muda uleule ambao kitu cha angani huchukua kupita mbele ya darubini ile. Akaandika pembeni neno la mshangao, “Wow!”, na jina likabaki hilo. Haijasikika tena, na kwa kanuni za kazi hii, ishara isiyorudi haithibitishi lolote. Bunge la Marekani lilipokata fedha za mradi wa NASA wa utafutaji huu, unaoitwa SETI kwa kifupi cha Kiingereza, mwaka 1993, watu wa redio za ridhaa waliunda SETI League na mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa Argus, wakilenga madishi 5,000 ya nyuma ya nyumba duniani kote. Lengo hilo halikufikiwa kamwe. SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilifaulu zaidi kwa kuvuta watu: kuanzia Mei 1999 hadi Machi 2020, mamilioni walikopesha kompyuta zao kuchambua data.

Mwanafunzi wa Kampala aanzie wapi? Aanze na haidrojeni yenyewe, si na viumbe. Fundi wa Katwe anaweza kukunja bati likawa antena ya umbo la pembe. Kinachobaki ni kikuza mawimbi cha megahezi 1420, kile kipokezi kidogo cha USB kilichobuniwa kwa televisheni ya dijitali, na laptopu. Galaksi yetu ikipita juu, kilima kitatokea kwenye skrini, na kusogea kwake kwenye masafa kutaonyesha gesi inakuja au inakwenda. Pembe hiyo haitamsikia mgeni yeyote, labda mwenye transmita ya kutisha. Akipata lile dishi la zamani la mita tatu lililoachwa juu ya paa la hoteli, alielekeze utosini na aliache: kila sehemu ya anga itachukua kama dakika 20 kupita mbele yake. Asisahau waya wa ardhini; radi za kandokando ya Ziwa Viktoria hazina mzaha.

Kwa kazi nzito zaidi, Afrika tayari ina MeerKAT, madishi 64 yaliyoko Karoo, Afrika Kusini, ambayo tangu Desemba 2022 yanatumiwa pia na mradi wa Breakthrough Listen, unaotafuta ishara za viumbe hao. Lakini mfano unaotuhusu ni wa Ghana. Huko Kuntunse, dishi la mawasiliano la mita 32 lililopoteza kazi baada ya fiba lilifanyiwa ukarabati kwa msaada wa Afrika Kusini, na mwaka 2017 likazinduliwa kama darubini ya redio. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika mpango wa darubini kubwa ya SKA. Uganda haimo. Si kwamba hatuna watu: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundisha elimu ya anga, na wahandisi wetu watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, waliunda PearlAfricaSat-1 huko Japani, setilaiti yetu ya kwanza, iliyorushwa Novemba 2022. Mpoma ndipo serikali ilipopachagua kwa kituo cha kuiongoza.

Wizara na vyuo wakae pamoja waamue kama dishi la Mpoma linaweza kufuata njia ya Kuntunse, kabla kutu haijaamua kwa niaba yao. Nawe uliyekwisha kufunga antena yako juu ya paa, ukiona mstari mwembamba unaotambaa, usikimbilie WhatsApp. Kanuni ambazo watafiti walikubaliana mwaka 1989 zinataka kituo kingine kiithibitishe ishara kwanza. Kwa hiyo andika saa, masafa na mwelekeo wa dishi, zima kila kifaa cha umeme nyumbani, kisha mpigie simu mwenzako wa Mbarara au Nairobi umwulize kama na yeye anaiona.