Kompyuta Ijizimayo na Kujiwasha: Tafuteni Sababu Kabla ya Dawa

Ndugu wasomaji, nyumba nyingi leo zina kompyuta, na ndani yake mmetiwa mambo ambayo wazee wetu waliyafungia sandukuni: hesabu za duka, madeni tuwadaiyo watu na watudaiyo, orodha ya mirathi, masomo ya watoto, na picha za waliokwisha kututangulia. Basi chombo hiki kikianza kujizima na kujiwasha bila ya kuamrishwa na mtu, jambo hilo si la kuchezea. Kilicho hatarini si chombo tu, bali ni amana iliyowekwa ndani yake.

Twaanza kwa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe, ili mwenzetu apate kujihadhari. Nyumbani kwetu Tanga palikuwa na kompyuta ya mezani, na humo twaliandika daftari la chama cha kuzikana cha mtaa wetu: nani katoa, nani hajatoa, nani kafiwa na akapewa nini. Zilikuwa hesabu za miaka 6. Ikatokea kwamba kila usiku baada ya sala ya Isha, kiasi cha saa 2 na nusu, kioo hugeuka cheusi kwa ghafula, kisha kompyuta ikaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Tukaipeleka kwa fundi. Yeye, bila ya kuuliza swali hata moja, akasema: “Mzee, hii ina virusi, haina dawa ila kupiga Windows upya.” Hakutuuliza kama tunayo nakala ya vilivyomo, wala sisi hatukukumbuka kumwambia kwamba hatunayo. Akafuta kila kitu, akatia Windows mpya, tukamlipa haki yake, tukarudi nyumbani.

Usiku ule ule, saa 2 na nusu, ikajizima tena. Ugonjwa ulibaki, kilichoondoka ni daftari.

Ikatulazimu kuzunguka mtaani nyumba kwa nyumba tukiuliza watu walichotoa. Wengine walikuwa na stakabadhi, wakazifungua kutoka katika pindo la leso. Wengine hawakuwa na kitu ila neno lao, nasi tukalikubali neno lao kwa haya, kwani kosa lilikuwa letu, si lao.

Aliyeigundua sababu alikuwa mtoto wetu mdogo. Alisema: “Baba, mbona kila ikizimika nasikia pampu?” Naam, saa hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiwasha pampu ya kupandisha maji tangini, na pampu na kompyuta zilikuwa zikila umeme katika waya mmoja wenye soketi nyingi. Mota ya namna hii, pale inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara 5 au zaidi kuliko ule inaoutumia ikiwa imekwisha shika mwendo, na kwa muda mfupi umeme wa nyumba hushuka. Ndani ya kompyuta mna kikasha kiitwacho pawa saplai, ambacho kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 uwe wa volti 12, 5 na 3.3. Kikasha kilicho kizima kina akiba ya kuvumilia pengo la umeme la kiasi cha sehemu 16 katika elfu moja za sekunde. Chetu kilikuwa kimezeeka na akiba yake imekauka. Tukakibadili, tukaipa kompyuta soketi yake peke yake, na tangu hapo haijapata kujizima.

Yatupasa kusema kwa uadilifu kwamba virusi navyo vimepata kufanya hayo. Mwezi wa Agosti mwaka 2003 ilienea duniani programu mbaya iliyoitwa Blaster. Kompyuta za Windows XP zilizoambukizwa zilitoa onyo na kuhesabu sekunde 60, kisha zikajianza upya. Na la kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuuziba mlango ule kilikuwa kimekwisha tolewa na Microsoft tangu tarehe 16 Julai, lakini watu wengi walikuwa hawajakitia. Kadhalika, tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, nyingi zikawa zinawaka na kuanguka bila ya kikomo. Na dawa yake ilikuwa nini? Kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama na kulifuta faili moja lenye kasoro. Haikuwa lazima kuvifuta vyote. Kwa hivyo hatusemi kwamba fundi kila mara hukosea asemapo virusi. Twasema kwamba hukosea asemapo kabla ya kutazama.

Sasa basi, msomaji atauliza: nifanye nini yakinifika? Twamwambia afuate mambo haya kwa taratibu yake.

La kwanza, kabla ya lolote, okoa vilivyomo. Kompyuta ikikaa hata nusu saa bila ya kujizima, nakili faili zako katika fleshi au diski ya nje, ukianza na zile usizoweza kuzipata tena. Ikiwa haikai hata kidogo, fundi aweza kuitoa diski na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Wala usimruhusu mtu kufuta kitu mpaka umeiona nakala kwa macho yako na kuifungua.

La pili, andika ni wakati gani inajizima. Chukua karatasi, utie siku, saa, na kazi iliyokuwa ikifanywa. Karatasi hiyo yaweza kukwambia mengi. Ikijizima wakati friji, pasi au pampu inapoanza, tazama umeme. Ikijizima baada ya mchezo mzito wa watoto au wakati wa joto la mchana, tazama feni na vumbi. Ikiwa hutoa habari kwanza ya kwamba inajisasisha, hiyo si maradhi. Ni Windows inatia viraka vyake, nawe waweza kuipangia saa za kazi ambazo haitakusumbua. Usivikatae viraka hivyo, kwa sababu ile tuliyoitaja ya mwaka 2003.

La tatu, iulize kompyuta yenyewe. Windows kwa desturi, ikipatwa na hitilafu kubwa, hujianza upya upesi, hata maandishi ya kosa yasisomeke. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe alama iliyo mbele ya maneno Automatically restart. Tangu hapo, hitilafu ikitokea, maandishi yatabaki kiooni nawe uyanakili. Vile vile imo programu iitwayo Event Viewer, ambayo ni daftari la matukio. Namba 1074 maana yake ni kwamba programu fulani au mtu ndiye aliyeamuru kuzima, na jina lake limeandikwa hapo. Namba 41, yenye jina la Kernel-Power, wengi huiogopa na kuidhania kuwa ndiyo sababu. Sivyo. Yasema tu kwamba kompyuta ilijianza bila ya kuzimwa kwa taratibu. Ikiwa namba 41 imekuja peke yake, wala hapana maandishi yoyote ya kosa, aghalabu lawama huelekea kwenye umeme au chombo chenyewe kuliko kwenye programu.

La nne, jaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadili matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya. Anza na yasiyo na gharama. Zima kompyuta, chomoa waya, fungua ubavu wake, upulize vumbi huku ukiizuia feni isizunguke. Prosesa ikipata joto la kukaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo, na likizidi hujizima ili isiungue. Tazama pia vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao, viitwavyo kapasita. Kikopo kilichovimba kichwa au kuvuja kimekufa. Kisha gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini utoke, uzichomoe rami na kuzirudisha vizuri. Zikiwa mbili, tumia moja moja kwa siku kadhaa. Windows pia ina kipimo chake cha rami. Andika mdsched nayo itajipima.

Ama kikasha cha pawa saplai, usikifungue kamwe, wala usimwache mtoto akifungue. Hata kikiwa kimechomolewa, ndani yake hubaki umeme uwezao kudhuru. Kibadilishwe kizima. Na mwenye kompyuta ya mkononi ajue kwamba betri yake humkinga na pengo la umeme. Kwake yeye twamwambia atazame joto kwanza, khasa ikiwa desturi yake ni kuiweka juu ya godoro. Mwenye ya mezani, akiweza, anunue kifaa cha UPS, ambacho ni betri ya akiba.

Mwisho twataka kusema neno juu ya mafundi. Wengi wao ni watu wa kheri wanaotafuta riziki ya halali, na twawaheshimu. Lakini fundi mwema ni yule aulizaye kabla ya kushika bisibisi: yaanza lini, hutokea wakati gani, na unayo nakala? Asipokuuliza, mwambie wewe. Na akisema dawa ni kufuta, umuulize amejuaje. Akiwa na jawabu, msikilize. Asipokuwa nalo, chukua chombo chako kwa salama na adabu, urudi nyumbani.

Sisi leo daftari la chama limo katika kompyuta, limo katika fleshi kabatini, na kila mwisho wa mwezi twalichapisha karatasini. Pampu nayo twaiwasha asubuhi. Wabillahi tawfiq.